Khabari Zisikiwazo na Nafsi ya Mbajuni
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao, na kupigwa chapa kwa ukumbusho)

  

Katika Sura ya 49, al-Hujurat, mambo matatu yamewekwa karibu karibu, na wasomao kwa haraka huyapita bila ya kuuliza kwa nini yamekaa nyumba moja. Katika aya ya 6 waumini wanaamrishwa kuichungua khabari iletwayo na mtu asiyeaminika kabla hawajatenda jambo kwa ajili yake. Katika aya ya 11 wanakatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Na katika aya ya 13 wanaelezwa kuwa watu wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Khabari, jina, na kujuana: hayo ndiyo mafiga matatu yatakayobeba chungu cha maneno ya leo. Kwani watu wa Kismayu na visiwa vyake, Koyama na Chovae na Chula hata kufika Burikavo na Rasi Kiamboni, wameishi miaka mia kwa khabari zilizotungwa na watu wengine, wakaitwa majina yaliyochaguliwa na watu wengine, na mara nyingi wamejitazama katika kioo kilichoshikwa na mkono usiokuwa wao.

Hata jina la mji wenyewe ni ushahidi. Wenyeji husema asili yake ni Kisima-yuu, yaani kisima kilichoko juu, kwani watu wa kaskazini hutamka yuu pale ambapo Mwunguja hutamka juu. Mwingereza aliandika Kismayu katika ramani zake, Mtaliana akaandika Chisimaio, na tangu serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kilatini mwaka 1972 huandikwa Kismaayo. Mtoto aliyesoma jina hilo katika vitabu kwa sura hizo tatu hakuonyeshwa hata mara moja kuwa ndani yake mna kisima, wala kuwa kisima hicho kina jina la lugha ya bibi yake. Hapana aliyekusudia kuuficha ukweli huo. Karani aliandika kama sikio lake lilivyosikia, na chapa ikayathibitisha makosa ya sikio.

Zamani khabari zilikwenda kwa matanga. Nahodha alipotia nanga, kabla ya kuteremsha shehena aliulizwa: nani amezaliwa, nani amefariki, bei ya pembe na papa ni kiasi gani, kusi limeanza kuvuma wapi. Khabari ile ilikuwa na mwenyewe. Aliyeileta alijulikana baba yake na babu yake, na kama alikuwa mwongo alijulikana kwa uwongo wake. Na mambo yaliyostahili kukaa katika kumbukumbu yalitiwa katika nyimbo. Mkulima wa Kibajuni alikuwa na vave, nyimbo ziimbwazo usiku kabla ya kuchoma magugu ya shamba, na mvuvi alikuwa na kimai, mashairi ya bahari. Humo mlikuwamo majina ya miti, ya ndege, ya pepo na ya samaki, na mlikuwamo kiburi pia, kiburi cha mtu ajuaye kazi yake. Hakuna aliyeimba vave kwa kuona haya ya kuwa Mbajuni. Vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, vilivyoitwa mitepe, vilitoka mikononi mwa watu hawa, na pwani nzima ilivijua.

Kisha nchi ikagawanywa. Kwa mkataba wa mwaka 1924, Uingereza ilikubali kumpa Mtaliana Jubaland, na tarehe 29 Juni 1925 nchi hiyo ikatoka katika Kenya. Ndugu wa Koyama akawa raia wa Mtaliana, na ndugu wa Kiunga na Rasini akabaki chini ya Mwingereza. Mpaka ule haukuwazuia wavuvi, kwani samaki hana cheti; lakini uliyazuia magazeti, na hilo halijaangaliwa sana na wanaoandika tarikhi.

Kwani miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo Waislamu wa pwani ya Kenya na Unguja walianza kuzungumza na nafsi zao kwa kalamu. Unguja kulitoka al-Falaq mwaka 1929. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alianza kutoa karatasi iitwayo Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa al-Islah. Sheikh yule, ambaye baadaye mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuandika ili kuwafurahisha wasomaji. Aliwaeleza kuwa wameshika mavazi ya Wazungu na starehe zao, wakaacha bidii yao na elimu yao. Na kwamba mtu aliyepotewa na lugha yake na desturi zake amepotewa na mlango wa kurudia nyumbani. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Wapo walioudhika naye. Lakini kuudhika kule kulikuwa ni faida, kwani watu wa Mombasa waliudhika na mtu wao, aliyewasema kwa lugha yao juu ya aibu zao. Kioo kilikuwa kikali, illa kilikuwa chao.

Kismayu katika miaka ile haikuwa na gazeti la namna hiyo. Mtaliana alichapa kwa Kitaliana, na hata baada ya vita, katika miaka ya 1950 nchi ilipokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, gazeti kubwa la Mogadishu lilikuwa Corriere della Somalia, ambalo mzee aliyesoma chuoni hakuweza kulifungua. Na lipo jambo jingine. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano Mombasa wa kuchagua Kiswahili kitakachofundishwa katika shule za nchi zote za Mwingereza, na kikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Watu wa Lamu na Mombasa walinung'unika, na manung'uniko yao yanajulikana mpaka leo. Mbajuni wa Kismayu hakunung'unika, kwa sababu hakuwamo. Alikuwa ametolewa katika nchi ile miaka mitatu kabla. Uamuzi juu ya Kiswahili kilicho sahihi ulimfikia baadaye sana, nao ulimfikia kwa redio.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panataka subira ya wasikilizaji.

Redio ya Mogadishu ilianza mwaka 1951. Unguja na Mombasa zilikuwa na redio zao katika miaka hiyo hiyo, Sauti ya Unguja na Sauti ya Mvita. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954. London, idhaa ya Kiswahili ilifunguliwa tarehe 27 Juni 1957, na idhaa ya Kisomali tarehe 18 Julai mwaka ule ule. Juma tatu tu baina ya mbili hizo! Nyumba moja ya Kismayu ikaweza kusikia katika usiku mmoja milango miwili ya London ikifunguliwa, mmoja ukisema na baba kwa lugha ya biashara yake ya Mombasa, na mmoja ukisema na mwanawe kwa lugha ya sokoni. Wote wawili walihisi kwamba wanatambuliwa na ulimwengu. Lakini walitambuliwa mbali mbali. Na lugha ambayo baba na mwana walisemezana kwayo walipotaka chumvi haikuwamo katika mlango wowote.

Yafaa kueleza, kwa ajili ya wageni, tofauti iliyopo. Mbajuni husema nchu mahali pa mtu, na chachu mahali pa tatu. Mgeni akisikia samaki chachu hudhani samaki wameoza au wametiwa hamira, na hapo watu hucheka. Kicheko hicho kilikuwa kidogo zamani, kwa kuwa Mbajuni naye aliwacheka Waunguja kwa matamko yao, na mizani ikawa sawa. Redio iliivunja mizani. Mtangazaji alikuwa mtu asiyeonekana, mwenye sauti nzuri, asiyekosea, na aliyesema kila siku kwa saa ile ile kama mwadhini. Na mtangazaji hakusema nchu hata siku moja. Basi vijana wakahukumu kuwa lugha ya redio ndiyo Kiswahili, na ya nyumbani ni Kiswahili kilichovunjika. Wataalamu wa lugha wamesema kinyume chake: Kibajuni ni lahaja kamili yenye kanuni zake na umri wake, na haikutokana na kuharibika kwa Kiunguja. Lakini maneno ya wataalamu hukaa vitabuni, na sauti ya redio ilikaa mkahawani.

Dini nayo iliguswa, tena kwa namna mbili zisizofanana.

Namna ya kwanza ni kisomo. Redio ilileta sauti za Misri, na juu ya zote sauti ya Sheikh Abdul Basit Abdus Samad. Mwaka 1961 Sheikh Mahmud Khalil al-Husary alimaliza kuirekodi Kurani nzima kwa kisomo cha taratibu, na kisomo hicho kikaenea duniani kwa sahani na kanda. Hapana shaka ya kuwa faida ilikuwa kubwa. Makosa ya tajwidi yaliyorithiwa kutoka kwa mwalimu mpaka mwanafunzi yalisahihishwa, na mtoto wa kisiwani aliweza kusikia herufi zikitoka mahali pake. Anayeilaumu redio kwa hilo hana haki. Walakini kulikuwa na hasara ndogo iliyoingia kwa kisigino cha faida: mwalimu wa chuoni, ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo sauti ya Kurani katika masikio ya watoto, akaonekana ni mzee mwenye koo kavu. Kuna vyuo ambavyo watoto waliusikiliza mkanda kwa adabu kuliko walivyomsikiliza aliyewafundisha alifu. Mkanda hauulizi kama mtoto ameelewa, wala hautambui kuwa leo mtoto hakula.

Namna ya pili ni mwezi. Wazee wote waliohudhuria wanajua mizozo ya mwezi ilivyokuwa na ilivyo. Kabla ya redio, mwezi wa Kismayu ulikuwa ni mwezi wa Kismayu: watu walipanda juu wakatazama magharibi, akatokea shahidi, kadhi akamwuliza, ikapigwa mbiu. Redio ilipokuja, mtu akaweza kusikia kwamba Mogadishu wameuona, Mombasa hawakuuona, Unguja wanangoja, Makka wameshafungua. Maulamaa wa pwani walikhitilafiana juu ya kukubaliwa kwa khabari hiyo, na kila upande ulikuwa na hoja. Wapo waliosema kuwa khabari ya redio ni ya mtu asiyejulikana uadilifu wake, wakarejea aya ile ya 6. Na wapo waliosema kuwa redio ya serikali ni kama mbiu ya kadhi, na umma ni mmoja. Khitilafu hiyo ya fikihi ina mahali pake na watu wake, wala haitaamuliwa hapa. Linalohusu maneno ya leo ni hili: kila mtu alipochagua redio ya kufungulia, alidhihirisha bila ya kukusudia ni nani anayemhesabu kuwa mkubwa wake. Aliyefuata Mombasa alisema, mimi ni wa pwani. Aliyefuata Mogadishu alisema, mimi ni wa dola. Aliyefuata Makka alijiinua juu ya wote wawili. Na katika nyumba moja mke hupika vitumbua na mume angali amefunga. Hakuna swali la serikali wala la mwandishi wa hesabu ya watu lililowahi kuwauliza Wabajuni wao ni nani kwa uhodari kama mwezi mwandamo uliopitia redioni.

Somalia ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, redio ikawa ni chombo cha kuumbia taifa. Hilo si la kulaumiwa. Kila taifa jipya la Afrika lilifanya vivyo hivyo. Taifa lililoelezwa na redio lilikuwa la watu wa asili moja, lugha moja na dini moja, na mashairi yake yalijaa ngamia, malisho, visima vya barani na ushujaa wa wafugaji. Mashairi hayo ni mazuri, na ayajuaye Kisomali hawezi kuukana uzuri wake. Lakini mvuvi hakuwamo. Mtoto wa Chula aliweza kuijua tabia ya ngamia asiyepata kumwona, akasikia khabari za mvua za Haud, na asisikie hata neno moja juu ya kaskazi lililomfunga baba yake pwani siku tatu. Katika miaka ya 1960, zamani za vita vilivyoitwa vya Shifta, Redio ya Mogadishu ilitangaza kwa Kiswahili pia. Illa matangazo yale yalielekezwa kwa watu wa Kenya. Lugha ya Kismayu ilitumiwa kumsemeza jirani wa ng'ambo ya mpaka, na mwananchi aliyeizungumza ndani ya mpaka hakuhesabiwa kuwa msikilizaji. Mtu hujifunza mengi kwa kuusikia ulimi wake ukitumiwa kwa wengine.

Mwaka 1972, tarehe 21 Oktoba, herufi za Kilatini zilitangazwa kuwa ndizo za kuandikia Kisomali, na katika 1974 na 1975 wanafunzi walipelekwa mashambani kuwafundisha watu kusoma. Ilikuwa ni kazi kubwa yenye sifa, na watu wengi walitoka katika ujinga wa kusoma. Lakini ukubwa wa jambo usifiche tundu zake. Wazee waliokuwa wakiandikiana barua na ndugu zao wa Lamu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, waliosoma Barzanji bila ya kukwama na kuandika wasia kwa mikono yao, walijikuta hawahesabiwi kuwa wajuao kusoma. Wakakaa darasani pamoja na wajukuu. Mmoja alihesabu kuwa ni heri kujifunza jambo jipya, na mwingine alirudi nyumbani akazifunga barua zake katika kitambaa, asizionyeshe tena. Na mtoto aliyekuwa akimfundisha akaondoka na fikira ya kuwa babu hakujua kitu.

Yangekuwa hayo tu, mtu angeweza kuitupa lawama yote juu ya serikali na mitambo yake, na wapo wapendao kufanya hivyo. Haki haikubali. Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, na Wabajuni wenyewe walipenda kusimama mbele ya kioo wakiwa wamevaa nguo za kuazima. Zamani za Mwingereza, palipokuwa na faida katika kuitwa Mwarabu, nasaba zilipandishwa Uarabuni. Palipokuwa na faida katika kuitwa Mswahili wa Mombasa, watu walikuwa Waswahili wa Mombasa. Palipokuwa na faida katika kuhesabiwa na kabila kubwa la barani, wakatafuta ulezi wa kabila hilo. Hapana dhambi katika nasaba ya kweli, na Wabajuni wana damu ya pande nyingi kama watu wote wa bandari. Dhambi iko katika kumcheka yule wa kisiwani aliyebaki na jina lake. Majina ya dharau aliyoitwa Mbajuni na watu wa nje yanajulikana, wala hayatatajwa hapa. Lakini mengine yalizaliwa ndani, wa mjini wakiwaita wa visiwani, na ya ndani huuma zaidi. Aya ya 11 haikusema kuwa dharau ni haramu itokapo kwa wageni peke yao.

Mwaka 1991 dola ilianguka. Hayo yanajulikana na kila mtu hapa, na wapo ambao hawawezi kuyasikia bila ya kukumbuka waliobaki baharini. Wabajuni, wasiokuwa na kabila la silaha, waliporwa vyombo vyao na nyavu zao, wakatweka matanga kuelekea Kenya, na wengi wakakaa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Redio za dunia zilitangaza vita vya Somalia usiku na mchana. Zilieleza vita vya koo, na kila msikilizaji wa Ulaya na Marekani akajua majina ya majemadari. Jina la Wabajuni halikusikika ila kwa nadra. Mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000 ulipogawanya viti, makabila makubwa manne yalipata fungu kamili kila moja, na jamii zote ndogo zikapewa nusu fungu kwa pamoja. Katiba ya muda ya mwaka 2012 imetaja Kisomali kuwa lugha rasmi, Maay na Maxaa-tiri, na Kiarabu kuwa ya pili. Lugha za pwani hazikutajwa kwa majina yake, si Kibajuni wala Chimiini cha Barawa.

Na sasa lisikilizwe jambo ambalo vijana walioko Uingereza wanalijua kuliko wazee. Mbajuni aliyefika huko kuomba hifadhi aliulizwa swali ambalo babu yake hakuulizwa: thibitisha kuwa wewe ni Mbajuni. Aliulizwa majina ya visiwa, na ya samaki, na vipi mtu hutoka Koyama kwenda Kismayu. Aliulizwa kwa nini hajui Kisomali ikiwa ni Msomali. Jambo hilo lilifika mbele ya mahakama ya rufaa za uhamiaji, na mwaka 2004 ikatolewa hukumu ya kuongoza kesi nyingine juu ya Wabajuni na ujuzi wa Kibajuni. Mazungumzo yake kwa simu yalirekodiwa, yakapelekwa kwa kampuni ya Sweden, na wachunguzi wakasikiliza anavyotamka, wapate kusema kama ulimi ule ni wa Somalia ya kusini au ni wa Kenya. Juu ya uchunguzi wa namna hiyo ilitolewa hukumu nyingine mwaka 2010, pia katika kesi ya mtu aliyesema kuwa ni Mbajuni.

Ipimwe hali ya kijana huyo. Alitoka Kismayu mdogo, akakulia Mombasa. Aliposema nchu, watoto wa mtaani walimcheka. Akasikiliza redio za Kenya, akajisahihisha, akasema mtu. Alifanya lile ambalo kila mlango ulimwambia alifanye. Mama yake alifurahi kuwa sasa mwanawe anasema vizuri na hatambulikani. Kisha akafika mbele ya ofisa wa Ulaya, naye akaambiwa: ulimi wako ni wa Kenya, wewe si Mbajuni. Lugha aliyoificha kwa aibu ndiyo iliyotakiwa kuwa hati yake ya kusafiria. Wapo pia, na ukweli usemwe, watu wasiokuwa Wabajuni waliojifunza majina ya visiwa wapate kupita kwa mlango huo. Basi shaka ya maofisa haikuzuka bure, na aliyelipa ni yule mwenye haki. Hata hivyo hesabu inabaki ya ajabu. Watu ambao sauti yao haikuwekwa na redio yoyote, Kibajuni chao sasa kimehifadhiwa katika mafaili ya ofisi za mbali, dakika baada ya dakika, kikisemwa na watu wenye khofu wakijibu maswali.

Kismayu wakati huo ilikuwa mikononi mwa watu waliozichukia redio kwa sababu nyingine. Al-Shabaab, walioingia mjini mwaka 2008, walizipiga marufuku idhaa za BBC mwezi wa Aprili 2010 katika sehemu walizozitawala, na majeshi ya Kenya na Somalia yaliwatoa Kismayu mwishoni mwa Septemba 2012. Wale nao walikuwa na picha yao ya Mwislamu, nao waliitangaza. Katika picha ile ziara, maulidi na dhikri ya Kadiria, mambo yaliyowalea watu wa pwani ya Banadiri tangu zamani za Sheikh Uways wa Barawa, yalihesabiwa kuwa ni uchafu wa kufagiliwa. Mtu aliambiwa kuwa ili awe Mwislamu hana budi kumwonea haya baba yake. Ni neno lile lile la redio ya Kiswahili sanifu na la darasa la herufi mpya, ila hili lilishika bunduki.

Imebaki simu ya mkononi, ambayo wazee huilalamikia, na wana sababu. Uwongo hukimbia ndani yake kuliko ukweli, na fitina ya Kismayu hufika Mombasa, London na Toronto kabla ya kupoa. Aya ya 6 inahitajiwa kila mtu atakapo kupeleka mbele neno aliloletewa. Lakini simu ina jambo moja ambalo redio haikuwa nalo: haina mtangazaji. Bibi asiyejua kuandika hubonyeza na kusema, na sauti yake huenda kama ilivyo, pamoja na nchu yake na chachu yake. Kwa mara ya kwanza Kibajuni kinasafiri hewani bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mjukuu aliyezaliwa Ulaya husikia, hurudia mara ya pili apate kuelewa, kisha mara nyingi hujibu kwa Kiingereza. Hapo ndipo kazi ilipo, na haitaki mitambo ya serikali.

Chama kina wanachama wenye umri wa miaka sabini na kupita. Wanayajua majina ya nyota za kusafiria, na majina ya mabwe na milango ya maji baina ya Koyama na Chovae, na namna mtepe ulivyoshonwa kama walivyoeleza baba zao, na vave walizozisikia mashambani. Kila mmoja wao ana mjukuu mwenye simu. Ni heri mambo hayo yaulizwe nyumbani kwa adabu, na mzee awe amekaa kitako na kahawa mbele yake, kuliko kuulizwa mjukuu katika chumba cha ofisi na mtu mwenye karatasi. Na anayerekodi asimsahihishe mzee. Akisema nchu, liandikwe nchu.